Jibu: Mimea ya GMO kusafisha maji ya banda la nguruwe

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupanda mimea iliyobadilishwa vinasaba isafishe maji ya banda kabla hayajaingia kinamasini. Kwa Uganda bado hakuna sheria yake: Bunge lilipitisha muswada wa kuisimamia 2017, likarudia 2018, Rais Museveni hakutia saini. Na kwa kinyesi huihitaji. Inafaa zaidi sumu ngumu, mfano tumbaku iliyopewa jeni ya bakteria ivunje atrazini, dawa ya magugu. Maji yako yana nitrojeni na fosforasi za kinyesi, na hizo mafunjo huzifyonza vizuri. Kinamasi cha Nakivubo kimechuja hivyo maji taka ya Kampala miaka mingi; inauma kuona kikifukiwa. Chimba kidimbwi kwanza, kinyesi kizito kituame, ndipo maji yapite polepole kwenye mafunjo. Halafu, tafadhali, mafunjo yakate uyatoe kabisa. Yakiozea humo, fosforasi inarudi majini.