Mmiliki anabadilika, hesabuni waandishi waliobaki

Mmeuliza gazeti likiuzwa kwa tajiri mwingine linabaki lile lile au ni jipya kwa jina la zamani. Mimi jina la tajiri halinisumbui, naangalia chumba cha habari kimebaki na watu wangapi, na mfano wangu ni gazeti la Marekani, New York Daily News.

Lilianzishwa 1919 na Joseph Medill Patterson, mtu wa ukoo uliomiliki gazeti la Chicago Tribune, aliyeona magazeti madogo ya London akayaiga: saizi ya kusomeka ndani ya treni, mapicha kibao, mauaji na mapenzi. Wakubwa walilibeza lakini miaka ya 1940 likawa linatoka kopi zaidi ya milioni 2 kwa siku. Na ujeuri lilikuwa nao, 1928 mpiga picha Tom Howard alifunga kamera mguuni akaingia nayo gereza la Sing Sing akampiga picha Ruth Snyder, mwanamke aliyehukumiwa kifo, akiuawa kwenye kiti cha umeme, ikatoka ukurasa wa mbele (sisemi ni uungwana).

Sasa vituko. Kampuni ya Tribune, iliyokuwa inalimiliki, ikagombana na vyama vya wafanyakazi, mgomo ukaanza Oktoba 1990 ukavuka mwaka, Machi 1991 akalichukua Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, na hakulipa kitu, Tribune ndo iliyomlipa yeye dola milioni 60 awatue mzigo! Novemba ya mwaka huo huo Maxwell akafa baharini, ikaja kubainika alichota pensheni za wafanyakazi wake Uingereza. Gazeti likaomba kinga ya mufilisi, 1993 Mortimer Zuckerman, tajiri wa majengo, akalinunua.

Baada ya purukushani zote hizo waandishi wa habari za mahakamani na polisi bado walikuwepo, kazi ikaendelea. Aprili 2017 likashinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, pamoja na ProPublica, shirika la habari za uchunguzi, kwa kuanika jinsi polisi wa New York walivyotumia sheria kuwatoa watu majumbani mwao, wengi masikini. Septemba likauzwa kwa Tronc, kampuni ya magazeti, kwa dola 1. Ndiyo, moja, na madeni juu.

Julai 2018 nusu ya chumba cha habari ikaachishwa kazi kwa siku moja, 2020 ofisi ikafungwa moja kwa moja, 2021 likaangukia kwa Alden Global Capital, mfuko wa uwekezaji ambao waandishi wa Marekani wakiusikia wanaanza kutafuta kazi kwingine.

Kwa hiyo kwangu mimi Daily News lilibaki lile lile kwa Maxwell na kwa Zuckerman pia, lilipoanza kuwa gazeti jingine ni ile Julai 2018.