Fentemini na presha

Umeniuliza, shoga, kama unaweza kumeza fentemini, kile kidonge cha kupunguza mwili, nawe una presha. La, kama presha yako haijatulia usiimeze. Inakata njaa kwa kuuchochea mwili, ndiyo maana moyo hwenda mbio na presha hupanda. Hata mzima huandikiwa wiki chache tu, kwa kawaida zisizozidi 12, tena humezwa asubuhi. Ukiimeza baada ya futari utakesha. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye maradhi ya moyo wasiiguse.

Nimo kwenye duka la dawa hapa Darajani, na kinachonitisha zaidi ni hivyo vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza mwili. Baadhi vimeshakutwa na sibutramini, dawa ya kupunguza mwili iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa ajili ya kiharusi na mshituko wa moyo. Ama fentemini, presha ikishatulia kwa dawa, hilo la daktari wako kuamua.