Mgongo Ukiuma, Tazama Nyonga: Ushauri kwa Wacheza Gofu wa Wikendi

Ukitaka kujua nani ana shida ya mgongo uwanjani, usimtazame anapopiga mpira. Mtazame anapoutoa shimoni. Mwenye mgongo mzima huinama bila kufikiri. Mwenye mgongo mbovu husimama kwanza, akashusha pumzi, akashika kiuno, kisha akajikunja taratibu huku mkono mwingine umeegemea pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Pale Mombasa Golf Club uwanja ni wa mashimo tisa, na anayetaka 18 huuzunguka mara mbili. Mzunguko wa pili ndio huwaumbua watu.

Nami nimo kwenye kundi hilo. Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini, ambayo siku hizi maana yake ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa, na gofu nacheza wikendi. Maumivu yalinianza chini ya kiuno, upande wa kulia. Nimekandwa kwa mafuta ya karafuu, nimefanyiwa hijama, nimeambiwa nilale sakafuni bila godoro. Nafuu nilipata, ya siku mbili tatu, kisha mambo yakarudi pale pale. Aliyenifungua macho ni kedi mmoja wa makamo aliyenibebea begi asubuhi moja. Alinitazama mashimo kadhaa bila kusema kitu, mwisho akashindwa kujizuia: “Bosi, wapiga kwa kiuno. Nyonga zako zimelala.” Baadaye mtaalamu wa viungo aliniambia hayo hayo, ila yeye kwa maneno marefu na kwa bili.

Tuelewane kwanza kinachotokea mwilini. Pingili tano za kiuno ni kama bawaba za mlango: zimeundwa kukunja na kukunjua, si kuzunguka. Kila moja huzunguka digrii chache tu. Mzunguko mkubwa unaouona kwa mchezaji mzuri hutoka sehemu mbili: nyonga kwa chini, na mgongo wa juu nyuma ya kifua. Hizo mbili zikikakamaa, mwili hauachi kuzunguka. Huenda kuutafuta mzunguko kiunoni, ambako haupo. Hapo ndipo misuli na viungo vidogo vya uti huumia. Na nguvu yenyewe si ya mchezo: vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa pigo moja la gofu linaweza kuugandamiza uti wa chini kwa kiasi kinachokaribia mara nane ya uzito wa mwili. Wengi hudhani mchezo huu ni matembezi ya wazee, na kwa fikra hiyo hawajiandai.

Kuna kipimo unachoweza kujifanyia leo nyumbani. Kaa ukingoni mwa meza imara, miguu ining’inie isiguse chini, magoti yakiwa pamoja. Sasa peleka nyayo nje, kulia na kushoto, bila kuachanisha magoti wala kuinua makalio. Mwendo huo ndio nyonga kuzunguka kwenda ndani. Linganisha pande mbili. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, nyonga ya kushoto ndiyo hupokea uzito wote pigo linapomalizika, na ikiwa haizunguki, kiuno hulipa. Watafiti waliowapima wacheza gofu wenye maumivu ya mgongo wameukuta upungufu huo kwenye nyonga ya mbele. Mguu wangu wa kushoto ulikwenda nje kidogo tu, ukagoma kabisa.

Dawa ya nyonga ni uvumilivu. Kaa mkekani, goti la mbele umelikunja kwa pembe ya mraba na la nyuma vivyo hivyo, mguu mmoja ukitazama mbele na mwingine pembeni, kisha badilisha upande polepole bila kujivuta kwa nguvu. Mimi hufanya hivyo nikitazama taarifa ya habari ya saa moja. Kwa mgongo wa juu, lala ubavu, magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa mbele, halafu ufungue mkono wa juu uende nyuma mpaka kifua kitazame dari. Magoti yasinyanyuke. Yakinyanyuka, unadanganya, umerudi kule kule kuzungusha kiuno.

Kulegeza peke yake hakutoshi, lazima kiuno kipate walinzi. Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyetumia miaka mingi kuchunguza uti wa mgongo, amesisitiza mazoezi matatu ambayo hayahitaji hata senti. La kwanza, piga magoti na viganja chini, nyosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, tulia kama sekunde 10, badilisha. La pili, lala ubavu ukijiinua kwa kiwiko, mwili umenyooka. Ukishindwa anza magoti yakiwa chini. La tatu, lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, uinue kichwa na mabega kidogo tu. Kidogo kweli, yale mazoezi ya kuinuka hadi kukaa mliyofundishwa shuleni yaacheni, yanaukandamiza mgongo bila faida kubwa.

Nimeongeza la kwangu, na hili ni la Mombasa hasa. Kila nyumba hapa ina mitungi, maana maji ya mfereji huja yakipenda. Chukua mtungi wa lita 10 uliojaa maji, ushike kwa mkono mmoja, utembee ukumbini mwili ukiwa wima, usiegemee upande wowote. Ni kilo 10 hizo. Badilisha mkono. Misuli ya ubavuni, ile inayozuia mwili usipinde wakati wa pigo, huipata kazi yake barabara. Wa nyumbani watakucheka mwanzoni, kisha watakutuma uendelee hadi jikoni.

Kuhusu pumzi na miguu, sina haja ya kusema mengi: tembea. Mama Ngina Waterfront jioni inatosha, ukiweza kuwapita wauza mihogo bila kusimama. Wanaopenda ufuo, nendeni maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mgumu. Ule mchanga laini wa juu umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja hukaa chini kuliko mwingine, na nyonga haziupendi. Kutembea ndani ya maji ya kiunoni ni bora zaidi kwa mtu ambaye mgongo bado unamuuma, kwa sababu maji hubeba uzito wake.

Sasa siku yenyewe ya mchezo. Jamaa ametoka Likoni, amekaa garini akingoja feri, amefika amechelewa, anafungua buti, anavaa viatu, anachomoa draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, na kupiga kwa nguvu zote. Mgongo uliokuwa umekunjwa kitini nusu saa iliyopita unatakiwa uzunguke kwa kasi ghafla. Fika mapema dakika 10 tu. Tembea haraka, shika gari ubembeze mguu mmoja mbele na nyuma kisha mwingine, weka fimbo mabegani uzungushe kifua, halafu piga hewa kwa ayoni fupi (fimbo ya kichwa cha chuma), polepole, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Draiva iwe ya mwisho. Nyuma ya usukani hakuna anayetayarisha mgongo.

Upepo nao una lawama zake. Msimu wa kusi, uwanja ule wa kando ya bahari hupigwa vilivyo, na mtu akiuona mpira unarudishwa hewani, jibu lake la kwanza ni kuongeza nguvu. Nguvu hiyo huitoa kiunoni. Badala ya kulazimisha ayoni ya 7, chukua ya 5, ambayo ni ndefu zaidi na hupeleka mpira mbali, upige kwa utulivu. Mpira utakwenda chini ya upepo na mgongo utabaki salama. Wenye handikapu ndogo, yaani wachezaji hodari, hujua hili, sisi wengine huona aibu ya kuonekana tumechukua fimbo kubwa.

Begi likijaa hufika kilo 12 na zaidi. Ukiweza, mpe kedi. Naye ana watoto. Ukibeba mwenyewe tumia mikanda yote miwili, na ukitumia kigari, kisukume badala ya kukivuta nyuma. Kuokota mpira, egemea pata kwa mkono mmoja, uiname kutoka nyonga huku mguu wa nyuma ukiinuka. Au piga goti moja.

Wapo wanaochoma sindano ya maumivu asubuhi ya shindano ili wacheze. Siungi mkono. Sindano huzima taarifa tu, na wewe unaendelea kuumia usijue. Wapo pia wanaomtaja Tiger Woods, bingwa wa gofu wa Marekani, aliyeunganishwa pingili za mgongo mwaka 2017 na kushinda shindano kubwa la Masters 2019. Kweli, lakini kabla ya hapo alishapasuliwa mgongo mara kadhaa, na ana wataalamu ambao mimi na wewe hatuna. Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache bila upasuaji, mradi uendelee kutembeatembea. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli ile ile unayoihitaji. Na usitishwe na picha ya MRI peke yake: diski zilizochomoza, vile vijimto vilivyo kati ya pingili, huonekana hata kwa watu wasioumwa popote.

Yapo mambo ambayo hayangoji. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma kutoka au kushindwa kuuzuia, mguu kuishiwa nguvu: nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu, au maumivu baada ya kuanguka, muone daktari usichelewe.

Ukipata nafuu na kutaka kurudi, usianze na pata kwa saa nzima ukidhani ni kazi nyepesi; kuinama vile kwa muda mrefu huchosha mgongo. Changanya: mipira michache ya karibu kwa ayoni fupi, simama wima, tembea, rudi. Halafu mashimo tisa, bila draiva, na siku moja au mbili za kupumzika kabla ya kuongeza. Kama asubuhi ya pili mgongo umekakamaa kuliko kawaida, rudi hatua moja nyuma. Na kama wenzako wanadai mchezo wa kuwekeana dau, waambie utalipa chai, utacheza dau mwezi ujao.