Tahadhari ya dhoruba na mvuvi anayeipokea

Ndugu, umeuliza kwa nini mvuvi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, apuuze programu ya simu inayotabiri dhoruba kwa akili mnemba, ilhali hukosea mara chache. Dhoruba kali ni adimu, kwa hiyo hata mtambo mzuri unaweza kutoa tahadhari nyingi za bure, maana makosa yake machache katika siku nyingi tulivu yanaweza kuzidi dhoruba zenyewe, na mvuvi aliyekwisha kupoteza mapato ya usiku mzima kwa dhoruba ambayo haikutokea huzima sauti ya simu. Tena ujumbe humkuta gizani, mikono imelowa, anavuta wavu. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alionyesha kwamba mashine ikichukua kazi nyepesi, binadamu huachiwa zile ngumu huku ujuzi wake ukififia; ndivyo mvuvi anayeitegemea simu anavyoweza kusahau kusoma anga, ilhali uamuzi wa kurudi au kubaki ni wake. Wabunifu waonyeshe sababu ya kila tahadhari, na waijaribu ziwani usiku pamoja na wavuvi wenyewe.