Safu Ile Usiiache Wazi

Wadogo zangu mlioripoti kufundisha kwenye vitengo vya elimu maalumu mwaka huu, juzi nimeshinda shule moja nikimwangalia mwalimu mpya akijaza daftari la kitengo. Majina kumi na manne, na mbele ya kila jina kaandika neno lile lile: "mlemavu". Kiziwi, mlemavu. Mwenye usonji, mlemavu. Mwenye uoni hafifu, mlemavu. Nikamwuliza, huyu wa tano anahitaji nini? Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Madam, anahitaji upendo." Upendo ni mwema, mdogo wangu, ila shimesikio la mtoto yule, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, lilikuwa limeisha betri, na wiki nzima alikuwa akikutazama midomo tu.

Nawapenda, ndiyo maana nasema.

1. Jueni kazi hii ilikotoka. Buigiri kule Dodoma, Waanglikana walianza kufundisha wasioona mwaka 1950. Tabora, Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi mwaka 1963. Tunawashukuru, maana bila wao tungeanzia sifuri. Lakini siku zile mtoto alisoma kwa kuwa kuna mtu mwema kampokea. Asipotokea mtu mwema, alibaki nyumbani akilinda kuku. Hata Serikali ilipotunga sheria mbili mwaka 1982, moja ilihusu ajira na ya pili matunzo. Lisikilizeni neno hilo, matunzo. Ilipita zaidi ya robo karne. Mwaka 2009 nchi ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Kifungu cha 27 kinampa mtoto wako haki ya elimu sawa na raia mwingine yeyote, tena katika mazingira jumuishi. Basi ukimpa karatasi yenye maandishi makubwa, humfadhili. Unamkabidhi kilicho chake.

2. Ukiwa na kiziwi darasani, usiongee huku umegeukia ubao. Vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, visimamisheni kwenye rafu, msivirundike. Nukta zikishalala hazisomeki.

3. Fomu za usajili wa mtihani wa darasa la saba. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Mwaka 2013, mwaka wangu wa tatu kazini, nilikuwa na binti mwenye uoni hafifu. Alisoma kitabu kikiwa kimegusa pua, shingo kaipinda kushoto kuufuata mwanga wa dirishani, na karatasi ikiwa imetoka kudurufiwa, aliinuka na wino kwenye ncha ya pua. Wenzake wakamwita Nukta, naye akaitika kwa kicheko. Maswali nilimwandikia kwa makapeni nyuma ya kalenda za zamani. Mitihani ya majaribio niliipeleka stendi kuikuza kwa fedha zangu. Hesabu alikuwa anazipiga bila kusita.

Siku ya kujaza fomu nikafika kwenye jina lake, safu ya mahitaji maalumu, nikaiacha wazi. Sikusahau. Nilidhani namlinda. Niliogopa wakisoma "uoni hafifu" watampangia sekondari ya mbali yenye kitengo, au watamwona hawezi, nami nilitaka ahesabiwe kama wengine. Sheria nilikuwa nayo kabatini, na kile kifungu cha 27 nilikuwa nimekipigia mstari mwenyewe kwa wino mwekundu.

Siku ya Hisabati nilingoja ng'ambo ya barabara kwa muuza mihogo, maana walimu wa shule hatusogelei vyumba vya mtihani. Alipotoka alinijia moja kwa moja.

"Mwalimu, karatasi yangu haikuja."

Alikuwa ameiacha ile ya kawaida mezani, akisubiri msimamizi amletee yake, ile kubwa, kama nilivyomzoesha. Msimamizi hakuwa na kosa. Kwenye orodha yake binti hakuwa na hitaji lolote. Alipoanza, muda ulikuwa umeshakwenda. Halafu ikaja fomu ya kusiliba, ile ya kujibu kwa kutia weusi kwenye viduara, viduara vidogo kama mbegu. Jibu la swali la 12 alilisiliba mstari wa 13, na mengine yote yakafuata huko huko. Aligundua mwishoni, ameishiwa na muda wa kufuta.

Baraza la Mitihani lina karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa. Linatoa dakika 20 za ziada kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Mtoto wangu alikosa vyote hivyo kwa sababu ya kalamu yangu.

Hakuchaguliwa. Mama yake akaja shuleni na kuku wa kunishukuru. "Umemsaidia sana mwanangu, mwalimu. Basi tu, Mungu hakupanga." Nikampokea yule kuku, nikanyamaza. Ilinichukua miezi minne kwenda kwake kumweleza. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alinisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa imesimama, kisha akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mwanangu hakushindwa?"

Nikamjibu, hapana mama, hakushindwa. Binti alikuwa mlangoni, anasikia.

4. Kwa hiyo mbele ya kila jina andikeni aina ya ulemavu kwa jina lake, kiwango chake, na anachohitaji: nukta nundu, maandishi yaliyokuzwa, mkalimani wa lugha ya alama, muda wa ziada. Mwulizeni na mtoto mwenyewe, anajua kuliko faili lake. Mwalimu mkuu akiwaambia "hawa wa kitengo tuwaache kwanza", mwonyesheni kifungu kwa adabu, na kesho yake mrudi tena. Wewe wa daftari la juzi, usinune. Nimeshaomba kwa mkuu wako: Jumatatu saa mbili nitakuwa hapo kwenu, tukae na fomu za watahiniwa, jina kwa jina. Njoo na betri za yule wa tano.