Jibu kwa mwenye ekari 9 Johnson County: usiwape miaka miwili bure

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili na limenirudisha mbali. Kwa wanaoingia sasa hivi: ndugu yetu ana ekari 9 Johnson County, kusini mwa Fort Worth, Texas, na alizinunua pamoja na haki ya madini yaliyo chini yake. Haki hiyo aliikodisha kwa kampuni ya gesi kwa miaka mitatu. Hawajachimba kitu. Imebaki miezi minne muda uishe, ameletewa barua: uchumi umedorora, bei ya gesi imeanguka, tunaomba usaini nyongeza ya miaka miwili. Pesa haikutajwa. Anauliza asaini au asisaini, na kampuni ikifilisika mkataba unakuwaje.

Usisaini barua hiyo kama ilivyo. Sababu ni ndefu, na nitaanzia kwenye yaliyonikuta mimi.

Kwanza niwaeleze walio nyumbani, maana nimeona maoni ya kushangaa. Huku Texas gesi iliyo ardhini inaweza kuwa mali ya mtu binafsi, na inaweza kutenganishwa na ardhi: unauza shamba, gesi unabaki nayo. Kwetu Tanzania gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni ya taifa, mwenye shamba juu hana mrabaha wa kudai, yaani ile sehemu ya mauzo ya gesi anayolipwa mwenye haki. Wengi wetu tunafika huku hatujawahi kuona karatasi ya namna hii.

Mwaka 2008 mimi na mume wangu tulikuwa na nyumba upande wa mashariki wa Fort Worth, kiwanja cha ekari 0.2 tu. Chini yetu uko mwamba wenye gesi uitwao Barnett. Miezi ile watu wa mikataba walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Bei ya gesi pale Henry Hub, Louisiana, ambayo ndiyo kipimo cha nchi nzima, ilizidi dola 13 kidogo kwa mmbtu (kipimo cha gesi, kama futi za ujazo elfu moja) mwanzoni mwa Julai. Mtaani kwetu bonasi ya kusaini ilifika dola 22,500 kwa ekari, yaani dola 4,500 kwa kiwanja chetu, na mrabaha wa asilimia 25. Chama cha mtaa kikasema tusubiri, mitaa mingine imepewa zaidi. Tukasubiri. Siku ya kusaini ikapangwa katikati ya Oktoba, kwenye ukumbi wa kanisa. Siku mbili kabla, simu ikapigwa: ofa imeondolewa. Mama mmoja jirani alikuwa ameshaahidi fundi wa paa kwamba atamlipa kwa pesa ile. Nilimkuta amekaa barazani hasemi kitu.

Tulikasirika sana, tukaona tumedhulumiwa. Baadaye ndipo nikaelewa kilichotokea. Kampuni hizi zilikuwa zikikodi ardhi kwa pesa ya mkopo. Benki kubwa ya Lehman Brothers ilipoanguka tarehe 15 Septemba, benki zilifunga mikono, na pesa ya bonasi ikakauka kabla hata ya gesi yenyewe kushuka hadi chini kabisa. Bosi wa kampuni kubwa ya gesi ya Chesapeake wakati ule, Aubrey McClendon, alilazimika mwezi huohuo wa Oktoba kuuza karibu hisa zake zote za kampuni, kwa sababu alizinunua kwa kukopa na waliomkopesha walitaka chao. Ikiwa mkubwa kama yule amebanwa hivyo, mtaa wetu ulikuwa nani?

Kisha viwanda vikapunguza kazi, matumizi yakashuka, na visima vilivyochimbwa wakati wa neema vikaendelea kutoa. Septemba 2008 mitambo ya kuchimba gesi nchini ilikuwa 1,606. Katikati ya 2009 ilibaki kama 665. Septemba 2009 bei ilikuwa chini ya dola 3.

Sasa mkuu, hapa ndipo penye jambo lako. Ungedhani kwa bei ile wangeacha kuchimba kabisa. Hawakuacha. Kati ya 2009 na 2012, mwamba wa Barnett hapa na wa Haynesville kule Louisiana, kampuni nyingi zilichimba visima ambavyo kwa bei ya siku ile havikuwa na faida ya maana, kwa sababu mikataba ilikuwa inaisha. Mikataba hii ina muda wa kwanza, mara nyingi miaka mitatu au mitano. Muda ukiisha bila kisima, ardhi inarudi kwa mwenyewe na bonasi waliyolipa imepotea. Kisima kikianza kutoa gesi, mkataba unashikiliwa na kisima hicho, hata miaka arobaini. Kwa hiyo walichimba ili kushika ardhi, gesi ikazidi sokoni, bei ikazidi kushuka. Aprili 2012 ilikuwa chini ya dola 2.

Hiyo barua yako ndiyo njia yao ya kuepuka gharama hiyo. Kisima cha kulala, kinachoshuka kisha kugeuka kwa ulalo ndani ya mwamba huu, ni mamilioni ya dola. Saini yako ni bure. Wanachokuomba ni muda, na muda ndicho kitu pekee ulicho nacho ambacho kampuni iliyobanwa haiwezi kukinunua benki.

Wakikutisha kwamba mdororo unawapa haki ya kuongeza muda wenyewe, kwa hoja ya nguvu kubwa iliyo nje ya uwezo wao, usiogope haraka. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa Houston ilikataa hoja ya namna hiyo katika kesi ya TEC Olmos dhidi ya ConocoPhillips: mtu alishindwa kuchimba kwa sababu bei ya mafuta ilianguka na mfadhili akajitoa, mahakama ikasema soko kushuka ni jambo linalotarajiwa katika biashara hii. Lakini soma kipengele chako neno kwa neno. Kama kimeandikwa waziwazi kwamba bei kushuka inahesabika, hali ni nyingine.

Sisi tulisaini mwaka 2010, kwa dola 5,000 kwa ekari. Dola 1,000 badala ya 4,500. Visima vilichimbwa kuanzia 2011 na hundi ya kwanza ikaja 2012. Wengi huweka macho kwenye bonasi, hesabu ya hundi hawaijui, kwa hiyo naiweka hapa. Kiwanja chetu cha ekari 0.2 kiliwekwa kwenye kundi la ekari 320, yaani viwanja vingi vinavyogawana mapato ya visima vilevile. Gawa 0.2 kwa 320, zidisha kwa robo: 0.00015625. Hiyo ndiyo sehemu yetu. Visima vinne pamoja vilitoa kama futi za ujazo milioni 180 kwa mwezi. Kwa bei ya dola 2 kwa kila futi elfu moja, hundi ilikuwa dola 56. Gesi ileile kwa dola 8 ingekuwa dola 225. Na visima vya mwamba huu huanza kwa nguvu kisha hushuka haraka, mwaka wa kwanza peke yake hupoteza sehemu kubwa sana. Mdororo ukikuta kisima kiko kwenye mteremko huo, unapigwa mara mbili, kwa bei na kwa kiasi.

Kampuni yenyewe haipigwi kwa namna hiyohiyo. Nyingi hufunga bei mapema kwa sehemu ya gesi watakayouza mwaka ujao, kwa hiyo soko likianguka bado zinapokea bei ya zamani kwa muda. Mrabaha wako kwa kawaida unafuata bei ya soko. Wewe huna kinga hiyo.

Halafu makato. Kusafisha gesi, kuisukuma na kuisafirisha kunagharimu karibu kilekile bei iwe juu au chini. Tuseme ni senti 80. Kwenye dola 8 zinakubakia 7.20, kwenye dola 3 zinabaki 2.20. Bei imeshuka asilimia 62, wewe umeshuka asilimia 69. Nani anabeba makato hayo inategemea maneno ya mkataba, na hapa Texas maneno hayo yamepiganiwa kweli. Mwaka 1996, kesi ya Heritage Resources dhidi ya NationsBank, mkataba ulisema hakuna kukata gharama, lakini ulisema pia mrabaha unahesabiwa kwa thamani ya soko pale kisimani. Wenye ardhi wakashindwa: thamani ya kisimani tayari ni bei baada ya gharama. Mwaka 2015 Chesapeake ilishindwa dhidi ya familia ya hukuhuku kwetu, kura tano kwa nne, kwa sababu mkataba wa familia ile ulikuwa umeandikwa vizuri zaidi. Mwanasheria aliyesoma mkataba wangu mwaka 2013, nimeshausaini zamani, alininyooshea kidole neno moja tu: "kisimani". Nililia kwenye gari.

Mwaka 2020 wakati wa korona bei ilikaa kwenye dola 1.70 hivi kwa miezi kadhaa, na hundi zetu zikaacha kuja. Nikadhani wametutupa. Kumbe sheria ya Texas inaruhusu kiasi kikiwa chini ya dola 100 kilimbikizwe na kulipwa mara moja kwa mwaka. Jambo jingine la wakati ule: mikataba mingi ina kipengele kinachoruhusu kampuni kufunga kisima kinachoweza kutoa gesi na kukulipa kiasi kidogo kwa mwaka huku mkataba ukiendelea kuishi. Wakati wa shida kipengele hiki hutumika sana. Kama wako haukuweka kikomo, wanaweza kukaa nao.

Na usitegemee kwamba kisima kikipata hasara miezi michache mkataba utavunjika. Tangu kesi ya Clifton dhidi ya Koontz, 1959, kipimo hapa ni kama mwendeshaji mwenye busara angeendelea nacho kwa kutarajia faida, ukitazama kipindi cha kutosha.

Kuhusu kufilisika. Chesapeake iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwishoni mwa Juni 2020 na ikatoka Februari 2021, visima vikiwa vinafanya kazi muda wote. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Mkataba haufi kwa sababu kampuni imefilisika. Kwa sheria ya Texas unahesabika kama umiliki wa sehemu ya ardhi, ni mali ya kampuni inayoweza kuuzwa kwa mwingine. Kwa kawaida mahakama huruhusu mirabaha iendelee kulipwa, lakini deni la zamani unaweza kulisubiri. Muda wako wa miaka mitatu kwa kawaida hausimami kwa sababu ya kesi, ila zipo siku za nyongeza wanazoweza kudai, hapo mwone mwanasheria. Kinachowapata watu wengi zaidi ni mkataba kuuzwa. Kampuni ya Devon ilijitoa Barnett mwaka 2020, mali ikaenda kwa BKV, kampuni ya Banpu ya Thailand. Ukiuzwa, hakikisha mwendeshaji mpya ana anwani yako na ile namba yako ya sehemu ni ileile. Yetu ilikosewa, ikachukua miezi tisa kurekebishwa.

Kodi nayo, kwa sababu ekari 9 si kiwanja: kisima kikianza kutoa, county inakutoza kodi ya madini kama mali, na hesabu huangalia bei ya mwaka uliopita. Bei ya 2022 ilikuwa juu, ya 2023 ikaporomoka, watu wakalipa kodi ya neema kutoka kwenye hundi za njaa.

Basi barua yako. Ningekuwa wewe ningejibu kwa maandishi, kwa adabu, kwamba niko tayari kuzungumza. Miaka miwili ipunguzwe iwe mmoja. Bonasi mpya kwa kila ekari, ilipwe siku ya kusaini. Mrabaha uhesabiwe kwa bei halisi ya mauzo bila makato, na neno "kisimani" liondoke. Kipengele cha Pugh kiingie, ili wakiweka ekari 3 kwenye kundi la kisima, zile 6 zilizobaki ziachiwe muda ukiisha. Malipo ya kisima kilichofungwa yawe na ukomo. Wakikataa vyote, miezi minne ni michache, ardhi itarudi kwako.

Upande wa pili ni wa kweli pia, na mimi ndiye niliyesubiri mpaka ofa ikayeyuka: huenda asije mwingine kwa miaka. Kama unahitaji pesa mwaka huu, chukua bonasi ndogo, lakini maneno ya mkataba usiyauze. Bonasi niliyoikosa 2008 nilishaisahau. Neno moja la 2010 linanikata kila hundi.

Kabla ya yote, nenda ofisi ya karani wa county pale Cleburne, uone kama mkataba umesajiliwa na tarehe ipi. Halafu fungua tovuti ya Railroad Commission, ambayo licha ya jina lake ndiyo inayosimamia mafuta na gesi Texas. Ramani ya visima ni bure. Tazama kama jirani zako wamechimbiwa mwaka huu au wameombewa kibali. Kukiwa na kibali jirani yako, barua yako ina bei kubwa zaidi.

Ukipata, tuandikie hapa tarehe ya mkataba na sentensi yote ya mrabaha, bila majina. Nitaisoma usiku nikitoka kazini.