Maswali na Majibu ya Nyumba: Kopo la rangi limepindishwa mfuniko, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Mikindani. Mwaka jana tulivyopata hela ya korosho tulipaka milango na madirisha rangi ya mafuta, ikabaki karibu nusu galoni. Kijana aliyekuja kupaka alifungua kwa tindo, mfuniko ukapinda, alivyomaliza akaweka juu akakanyaga na mguu akasema tayari. Sa hivi mvua imepiga mlango wa mbele nataka kurudishia, nafungua nakuta juu kuna ngozi ngumu na pembeni kutu tupu. Nitupe? Na nina galoni jingine halijaguswa, hilo nilifungueje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, ila usitupe kwanza. Rangi ya mafuta inakauka kwa kukutana na hewa, kwaiyo ile ngozi imetokea kwa sababu kopo halikufunga. Kwanza piga brashi kavu pembeni kutu yote idondoke nje ya kopo, halafu pitisha kisu kuzunguka ngozi ukiifuata bati la ndani, uitoe ikiwa nzima, usije ukaikoroga humo. Kama chini bado maji maji koroga vizuri mpaka kwenye kitako, kisha chuja kwa kipande cha chandarua kikuukuu kilichofuliwa, hiyo unapaka bila wasiwasi. Ila ukikuta imekuwa kama uji ulioganda mpaka chini, hapo hata umimine tina, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, chupa nzima hairudi, hiyo ndo ya kutupa.

Sasa hilo jipya. Angalia juu ya kopo, kuna mtaro unaozunguka, mfuniko unazama mle na kubana. Yani kufunga kote kuko kwenye huo mtaro, ukiupinda mara moja ndo basi, na mimi naumia sana nikiona rangi ya hela nyingi inaharibika kwa ajili ya sekunde 10 za haraka. Ulizia dukani kifungulio cha kopo la rangi, ni kichuma kidogo ncha yake imekunjwa kama ndoano, vingi upande wa pili vinafungulia soda. Ukikosa chukua bisibisi bapa, ile pana. Kisu na tindo hapana. Ingiza ncha chini ya ukingo wa mfuniko, egemeza kwenye mdomo wa kopo, kandamiza mpini kidogo tu mfuniko unyanyuke kiduchu, unaacha, unasogea vidole viwili unarudia, unazunguka hivyo hivyo mpaka ulegee wote. Wengi wanang'ang'ania sehemu moja mpaka mfuniko unaruka, hapo ushapinda.

Ukishafungua chukua msumari mwembamba, toboa matundu manne matano kwenye sakafu ya huo mtaro, rangi itakayoingia humo inarudi yenyewe ndani ya kopo na mfuniko ukirudi unayaziba. Na usichovye brashi kwenye galoni halafu ukapangusia mdomoni, mimina kiasi kwenye kikopo kingine ufanyie kazi hapo.

Kufunga sasa. Futa mtaro na kitambaa chenye tina mpaka uone bati linang'aa, maana rangi ikikaukia mle mfuniko haukai, na kesho kutwa kuufungua ni vita. Tandika kipande cha nailoni juu ya mdomo, weka mfuniko, juu yake laza kipande cha ubao ugonge ubao taratibu, huku kidogo na kule kidogo. Ukiwa na nyundo ya mpira ubao sio lazima. Kukanyaga kunabonyeza katikati pembeni kunanyanyuka, hewa inapita. Ila kwa hiyo nusu yako usifunge kwenye kopo lile lile lililopinda, hamishia kwenye kopo dogo safi lijae mpaka karibu na mdomo, hewa ikose pa kukaa, na mafundi wengi wanadondoshea tina kidogo juu bila kukoroga. Andika ubavuni ni ya mlango gani. Huko Mikindani hewa ya chumvi inakula bati, weka kopo juu ya ubao sio chini kwenye simenti, na mbali na jiko la mkaa kwa sababu tina inashika moto haraka.

SWALI: Fundi mimi niko Lindi, ndoo yangu ya rangi ya maji nimefungua inanuka kama kitu kilichooza, nipake tu harufu itaisha?

JIBU: Usipake ndugu yangu, imeingia vijidudu na hiyo harufu inaweza kubaki ukutani. Mara nyingi inatokana na kuongezea maji ndoo nzima halafu inayobaki inafungwa na kuwekwa, kwaiyo siku nyingine zimua ile unayopaka siku hiyo tu. Ingekuwa imekuwa nzito bila kunuka ningekwambia ongeza maji safi kidogo ukoroge. Hiyo iliyooza changanya na mchanga au maranda ya mbao ikauke kabisa ndo uitupe na taka, usimwage mtaroni maana mvua ikija inaishia baharini.